Sabuni ya mwani na mafuta ya nazi baada ya kuogelea Paje: uzoefu wangu

Kwa muda sasa, kila nitokapo baharini, nimekuwa nikitumia vitu viwili ninavyonunua kwa kina mama wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja: sabuni ya mwani na mafuta ya nazi yaliyopikwa kwa tui. Vyote viwili ninavipenda, ila si kwa kazi ileile, ingawa wauzaji huvisifu kana kwamba kila kimoja kinafaa kuanzia utosini hadi unyayoni.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake, ambao kwa miaka mingi waliuuza mkavu kwa bei ndogo mno; ndiyo maana nafurahi kuwaona wakiusaga na kuutia katika sabuni pamoja na mafuta ya nazi, karafuu au mchaichai. Sabuni yenyewe ni ngumu, haiyeyuki upesi, na chembechembe za mwani huondoa mchanga na mabaki ya losheni ya jua bila kukwaruza. Ngozi yangu, ambayo chumvi ikiikaukia huwasha na kupauka, hubaki laini, mradi nijipake mafuta ingali na unyevunyevu.

Kichwani ni habari nyingine. Sabuni ya mche ina ualkali unaofungua magamba ya unywele, na maji ya visima vya Paje, vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, yana chokaa nyingi, hivyo povu hugoma na utando mweupe hung'ang'ania nyweleni. Kwa nywele za kipilipili kama zangu, zisizotiwa dawa, utando huo huzikakamaza hata kitana kisipite. Nywele naziosha kwa shampuu isiyo kali, kisha nasuuza kwa maji ya mvua, na yakikosekana, kwa maji ya kisima yaliyotiwa siki kidogo. Ndimu, ambayo wengine huipendekeza badala ya siki, siishauri hata kidogo, kwa sababu maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, huweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi yasiyoondoka upesi.

Mafuta ya tui ndiyo yaliyonishangaza zaidi, na faida yake kubwa niliiona nilipoanza kuyapaka kabla ya kuingia majini. Nalowesha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi, napaka mafuta hasa kwenye ncha, kisha nasuka mabutu. Unywele uliokwisha kushiba maji hayo hauna nafasi kubwa ya kunywa maji ya bahari, ambayo kila lita moja hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi, tofauti na ya alizeti, hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, awe mtu ameyapaka kabla ya kuosha au baada yake. Yaliyokamuliwa kwa mbata nayo hufaa, lakini harufu yake ni nzito na hukaa hadi kwenye mito ya kulalia.

Hata hivyo, mafuta haya si kinga ya jua, na weusi wa ngozi hautoshi kuizuia isiungue. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, losheni ya jua, kofia na kivuli havina mbadala. Usoni pia siyapaki, kwani huziba vinyweleo na kuleta chunusi.

Lalamiko langu ni moja tu: chupa niliyouziwa mara ya mwisho haikuwa na tarehe ya kutengenezwa. Mafuta ya tui yakibakiwa na maji huchacha mapema, kwa hiyo fungua kifuniko na unuse kabla ya kulipa. Yakiganda wakati wa baridi, usiyatupe, kwani huganda yenyewe chini ya nyuzi joto 24 hivi, na ukiyashika viganjani kidogo hurudi kuwa maji.