Mlinzi wa Mlango Aliyenitilia Mchanga MACRoCk

Nilikusudia kuliandikia tamasha la muziki la MACRoCk sifa tupu, na nyingi kati ya sifa hizo bado nazishikilia, lakini kila ninapoanza kuzipanga namkumbuka mlinzi wa mlangoni katika baa moja ya katikati ya mji wa Harrisonburg, hapa Virginia, na hasira zinanipanda upya. Baa yenyewe sitaitaja. Nashangaa tu kwamba mji huu hujinadi kuwa Mji wa Kirafiki.

Asiyelijua tamasha hili aelewe kwamba halikuzaliwa na wafanyabiashara wa burudani. Lilianzishwa katika miaka ya 1990 na watu wa WXJM, redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha James Madison, likiwa mkutano wa redio za vyuo vya ukanda huu, na hata baada ya kutoka chuoni na kuhamia katika kumbi, mikahawa na baa za mjini limeendelea kuendeshwa na watu wanaojitolea. Mchana kuna mijadala. Usiku hupanda jukwaani bendi ambazo huwezi kuzisikia katika redio za biashara. Mimi, niliyelelewa na muziki wa dansi, sina mapenzi makubwa na magitaa yanayopiga mayowe. Nilikwenda kwa sababu kijana wa jirani yangu, mama mmoja aliyetoka Uvira, Kongo, alikuwa apige dramu katika bendi ya wanafunzi wenzake, na mama huyo aliniomba nimsindikize.

Kwenye meza ya tiketi tulipokewa na binti mmoja wa kujitolea ambaye alitufunga mikanda ya mkononi, akatuelekeza njia, kisha akamwuliza mama jina la bendi ya mwanawe na kumwambia kwamba amekwisha kuipiga redioni. Mama alitembea kwa maringo mpaka mlangoni mwa ile baa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama alionyesha leseni yake ya udereva ya Virginia, akapita. Mimi nilitoa pasipoti yangu ya Tanzania. Mlinzi aliipekua ukurasa mmoja mmoja, kana kwamba anatafuta noti iliyofichwa ndani, kisha akasema hawezi kupokea kitu hicho, nilete kitambulisho cha kweli. Nilimwambia kwa upole, "Ndugu yangu, kwa hati hii niliingia nchini mwenu." Akanijibu bila kuinua macho kwamba mambo ya uwanja wa ndege hayamhusu. Alichotakiwa kujua ni kama nimetimiza miaka 21, umri wa kuuziwa pombe nchini Marekani, na mvi zangu zilitosha kumjibu. Pombe yenyewe wala sinywi.

Dramu zilianza kusikika kupitia ukutani nikiwa bado nimesimama pembeni kama mtoro. Bendi ndogo hupewa muda mfupi sana jukwaani, kwa hiyo kila dakika aliyonichelewesha ilikuwa ya kijana yule. Hatimaye alitoka mkubwa wake, akanitazama mara moja, akaamuru nichorwe X nyeusi migongoni mwa mikono yote miwili. Hiyo ndiyo alama wanayochorwa vijana ili waingie bila kuuziwa vinywaji, desturi ya siku nyingi katika kumbi za muziki wa panki, yaani roki ya kasi na kelele, na kwa kweli ni desturi njema kwa sababu bila hiyo wengi wangebaki nje. Basi, kama alama ilikuwapo na kalamu ilikuwapo mfukoni mwa yule mlinzi, kwa nini hakunichora tangu mwanzo?

Niliingia wakati wa wimbo wa mwisho. Kijana alipoteremka jukwaani, naye akiwa na X zake, aliiona mikono yangu, akacheka mpaka akainama. "Baba, hata wewe!" Mimi sikucheka. Usiku ule niliapa kulipatia tamasha zima nyota moja.

Kiapo hicho kilivunjwa na yule binti wa tiketi, ambaye alisikia habari yetu kwa mama, akaja kuniomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake, kisha akatusindikiza hadi ukumbi uliofuata na kusimama nasi mlangoni hadi pasipoti yangu ilipokubaliwa. Huyu halipwi hata senti. Yule wa baa ana mshahara.

Kwa hiyo tamasha nalipatia nyota nne, na baa sipati hata nusu ya kuipa. Ingawa, nikikumbuka kwamba mama alinisimulia njia nzima nyimbo ambazo nilipaswa kuzisikia kwa masikio yangu, nne zinaanza kuwa nyingi. Tuseme tatu na nusu. Aprili ijayo nitakwenda tena. Bendi ya kijana ikipangiwa baa ile ile, mama atanirekodia kwa simu, nami nitamsubiri katika ukumbi mwingine.