Daunipaipu ya inchi 3 ya Subaru: bomba linafaa, kifuko cha bolti kitupe

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo, na kwa wanaoagiza mizigo na kuuza kupitia simu, inazunguka daunipaipu ya inchi 3 isiyo na jina la kampuni. Inakuja kwenye boksi la kahawia lenye stika ya "304", daraja la chuma kinachostahimili kutu, pamoja na kifuko cha nailoni chenye bolti, nati na gasketi mbili. Wauzaji wanaitangaza kwa Impreza WRX ya GDA na Forester turbo ya SG5, yaani magari ya injini ya EJ205 yenye turbo ya TD04. Tuseme mapema: bomba lenyewe lina thamani ya pesa yake, kifuko hakina, na asiyetenga fungu la kutuni ECU, yaani kupanga upya kompyuta ya injini, aache kabisa.

Daunipaipu ndilo bomba la kwanza baada ya turbo, na hapo ndipo ekzosi ya kiwandani inapobanwa zaidi. Turbo inazungushwa na tofauti ya msukumo kati ya upande wa injini na upande wa kutokea. Ukipunguza msukumo wa nyuma, turbo inaamka mapema na inapumua vizuri mzunguko ukiwa juu. Ndiyo maana kubadilisha sailensa peke yake kwenye gari la turbo kunaongeza kelele kuliko nguvu, ilhali kipande hiki kinabadilisha gari lenyewe. Na kwa sababu hiyohiyo kinaweza kuua injini, jambo tutakalolirudia chini.

Kuhusu chuma. Wengi wanakwenda dukani na sumaku, na sumaku ikikataa kushika wanaamini wameshika 304. Haitoshi. Chuma cha 201, chenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, nacho sumaku haikishiki, ila kinashika kutu mapema zaidi. Sumaku inachokusaidia ni kutambua 409, daraja la bei nafuu linaloshikwa na sumaku, na chuma cha kawaida kilichopakwa. Kwa gari linalolala Mbezi Beach, Kunduchi au Kigamboni, ambako hewa ya chumvi inaingia kila upenyo, tofauti hiyo inaonekana haraka: 201 inaanza madoa ya rangi ya chai kwenye mishono. Kwa hiyo angalia mishono kuliko stika. Ingiza tochi ndani ya bomba. Mshono uliochomelewa kwa TIG, uchomeleaji wa umeme unaokingwa na gesi, huku argoni ikipitishwa ndani unaonekana laini na unang'aa upande wa ndani pia. Usiopitishiwa gesi unakuwa na vichuguu vyeusi vya mabonge, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Kwenye daunipaipu hizi, mishono ya nje huwa mizuri karibu zote. Ya ndani ni bahati nasibu, kwa hiyo fungua maboksi mawili matatu kabla ya kuchagua. Muuzaji akikataa usifungue, nenda duka la pili.

Sasa flenji ya juu, inayofunga kwenye turbo, maana hapo ndipo nakala inapotofautiana na kazi ya kiwanda kubwa. Bebea rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, ile seti ya karatasi nyembamba za chuma za kupimia upenyo. Laza rula juu ya uso wa flenji, pande zote, kisha jaribu kupitisha karatasi ya mm 0.2. Ikipita popote, flenji imepinda wakati wa kuchomelewa na itavujisha moshi hata ukifunga gasketi mbili. Inasawazishwa kwa mashine ya kusaga nyuso, kwenye karakana zinazosawazisha silinda hedi, lakini omba punguzo kwanza. Pima pia unene: flenji ya mm 10 inavumilia joto, ya mm 6 itapinda tena.

Halafu mlango wa westigeti. TD04 ina westigeti ya ndani, yaani kijifuniko kinachofunguka kuelekea ndani ya daunipaipu ili moshi wa ziada upite pembeni ya turbo. Ziko daunipaipu zenye mdomo mpana mmoja, na ziko zenye ukuta unaotenganisha njia mbili. Ule ukuta ukikatwa vibaya, kijifuniko kinaugonga na hakifunguki chote. Matokeo yake busti, yaani msukumo wa hewa ambao turbo inaingiza kwenye injini, inapanda bila mpango. Ukishafunga bomba, pampu ya mkono yenye geji iunganishwe kwenye kopo la westigeti, lile linalosukuma fimbo ya kijifuniko, pampu taratibu, tazama fimbo yake inavyotembea. Fanya hivyohivyo kabla ya kufungua bomba la zamani ili upate kipimo cha kulinganisha. Fimbo ikisimama mapema kuliko mwanzo, kuna kitu kinakinga. Kwa matumizi ya barabarani tunapendelea mdomo mpana: ukuta unaleta faida ndogo na usumbufu mwingi.

Jambo linalosahaulika kwa kuwa picha nyingi za matangazo ni za magari ya usukani wa kushoto: magari yetu usukani uko kulia, na turbo ya Subaru iko nyuma ya injini upande huohuo wa kulia. Mhimili wa usukani unapita jirani. Bomba likikaa karibu mno, mpira na jointi ya mhimili vinaiva. Kabla ya kukaza chochote, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, uhakikishe kuna nafasi ya kidole kizima. Kishikio cha kwenye gia boksi nacho kikaguliwe; gari la otomatiki na la manyuali hayafanani kwa kila kitu hapo. Mwenye Legacy ya turbo mbili asinunue, haiingii. Mwenye STI ya Japani yenye turbo ya tuini skroli, yaani yenye njia mbili za kuingizia moshi, atafute bomba lililoandikwa kwa ajili ya gari lake.

Ufungaji si wa ajabu, ila una mitego. Injini ipoe kabisa. Usiku wa kabla, nati za turbo zipuliziwe dawa ya kulegeza kutu, asubuhi zirudiwe. Betri itolewe kebo. Intakula, kipoza hewa ya turbo, inakaa juu ya yote, kwa hiyo inatoka kwanza, na wakati wa kuitoa usiegemee viungio vya mipira vilivyozeeka, vinapasuka. Linafuata bati la kinga ya joto, ambalo bolti zake ndogo ndizo hukatika zaidi. Sensa ya oksijeni inafunguliwa kwa soketi yake ya mm 22 yenye mkato. Spana ya kawaida inaiminya. Kisha zinafuata nati na bolti tano za turbo, spana namba 14: za juu zinafikika ukiwa umeinama juu ya injini, za chini ukiwa chini ya gari lililokaa kwenye stendi, kamwe si jeki peke yake. Bomba la zamani liwekewe jeki chini kabla ya nati ya mwisho, maana ni zito na linaning'inia kwenye stadi, zile bolti zisizo na kichwa zilizoingia kwenye turbo.

Stadi ikianza kuzunguka kwa ugumu wa mpira, simama. Pasha moto kwa gesi, rudisha nyuma kidogo, mbele kidogo. Fundi anayeongeza bomba refu kwenye spana ndiye anayekata stadi, na kutoa kipande kilichokatikia kwenye turbo kunaweza kugharimu kuliko daunipaipu yenyewe.

Hapa ndipo kifuko kinatupwa. Gasketi zake ni karatasi ya madini iliyobanwa kwenye bati jembamba; inaungua na moshi unapata njia. Weka gasketi ya chuma ya matabaka, ya Subaru halisi. Bolti zake ni laini, kichwa kinazunguka kabla haijakaza. Nunua mpya za chuma kigumu, paka nyuzi dawa ya shaba ya kuzuia kukwama. Nyuzi za sensa, ambazo ni M18 kwa 1.5, nazo zipakwe, lakini dawa isiguse ncha ya sensa. Kaza nati zote za turbo kwa mkono kwanza, funga kishikio cha gia boksi na flenji ya nyuma bila kukaza, tikisa bomba likae lenyewe, ndipo ukaze kwa msalaba hadi Nm 35. Anayeanza kwa kukaza juu moja kwa moja analilazimisha bomba lijikunje, na baada ya miezi linapasuka shingoni.

Kuhusu kupasuka: chuma cha 304 kinapanuka kama mikroni 17 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita moja ikipanda nyuzi 500 inarefuka zaidi ya milimita 8. Zaidi ya hapo, injini inacheza kwenye mauntini zake kila unapokanyaga. Kwa hiyo lazima kuwe na kipande cha kunyumbuka, ile frexi ya wavu, kati ya turbo na ekzosi ya nyuma. Bomba hili linayo. Tatizo ni mafundi wanaolikata ili liungane na ekzosi ya gari, kisha wanachomelea frexi iwe mfu. Kama ni lazima kuunganisha 304 na ekzosi ya chuma cha kawaida, waya wa kuchomelea uwe 309L. Fimbo ya kawaida inashika leo, inapasuka kesho kutwa kwenye tuta la kwanza la barabara ya mtaa. Na matuta ya Dar yanahesabika kwenye vipimo: bomba la mm 76 linashuka chini kuliko la kiwandani, hivyo gari lililoshushwa springi litaligusisha.

ECU ndiyo sehemu isiyo na mjadala. Ukiondoa kizuizi, westigeti ndogo ya TD04 inaweza kushindwa kumwaga moshi wote. Busti inapanda polepole kadiri mzunguko unavyopanda, hata kama ECU imeamuru ishuke. Kwa bahati nzuri ECU inakata mafuta na gari linashtuka kama limegonga ukuta. Kwa bahati mbaya inakaa chini kidogo ya kikomo, mchanganyiko unakuwa na mafuta kidogo na injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Pistoni za EJ205 ni za kusubu, hazina uvumilivu huo. Juu yake kuna suala la petroli: magari haya yalipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96, na vituo vingi vya huko huuza ya juu zaidi. Usidhani uliyojaza njiani Morogoro Road ni hiyo. Muulize muuzaji oktani yake, mwambie anayetuni, apange muda wa cheche kufuatana nayo.

GDA na SG5 nyingi zinasomeka kwa kebo ya Tactrix OpenPort 2.0 na programu ya EcuFlash. RomRaider inatumika kurekodi. Dai vitu viwili: nakala ya faili la awali la ECU kabla halijaguswa, na rekodi ya gari likivutwa gia ya tatu kutoka mzunguko 2,500 hadi 6,500, ionyeshe busti, marekebisho ya kugonga na kipimo cha hewa kwa mafuta kutoka sensa pana ("wideband"). Anayekwambia "nimeshaweka steji 2", yaani mpangilio wa gari lenye daunipaipu, bila kukuonyesha mstari hata mmoja hajakufanyia kazi. Busti ikiendelea kupanda hata baada ya kutuni, dawa ni kutoa turbo na kupanua tundu la westigeti, si kubadilisha springi. Mpaka kazi hiyo ikamilike, endesha bila kukanyaga pedeli kupita nusu.

Taa ya cheki injini ikiwaka na kusoma P0420, inasema katalisti, kile kisafisha moshi kilichokuwa ndani ya bomba la kiwandani, haifanyi kazi. Kile kijiti cha kusogeza sensa ya nyuma kinazima taa, hakirekebishi chochote. Sisi tungechukua toleo lenye katalisti ya seli 200 (vitundu 200 kwa kila inchi ya mraba): nguvu inayopotea ni kidogo, na kwenye foleni ya Ubungo vioo vikiwa wazi harufu ya petroli mbichi haikai kwenye nguo.

Sauti. Mngurumo ule wa Subaru unatokana na hedaz, mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda, zenye urefu usiolingana, kwa hiyo daunipaipu inaukuza tu, haiuumbi. Ukiunganisha na sailensa nyoofu isiyo na resoneta, kile kikopo cha kupunguza mvumo, kati ya mzunguko 2,500 na 3,000 kabini inavuma hadi kichwa kinauma, na huo ndio mwendo wa Bagamoyo Road. Trafiki nao wana masikio. Baki na sailensa ya kiwandani, au tafuta mtumba wa Fujitsubo Legalis R au nyingine yenye kibao cha JASMA, chama cha Japani kinachothibitisha sailensa za michezo zinazoruhusiwa barabarani. Za mtumba zikaguliwe kwenye flenji na chini, maji yanapotuama.

Baada ya kilomita 200 hivi, injini ikiwa baridi, kaza tena nati zote. Wakati wa kuwasha asubuhi, fundi azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kwa sekunde chache. Mlio wa "tsss" karibu na turbo au alama nyeusi ya masizi pembeni ya gasketi ni uvujaji. Kama uko kabla ya sensa, unaingiza hewa ya nje na kuidanganya ECU, kwa hiyo usituni ECU kabla ya kuuziba.

Na bomba lako la zamani liondoke nawe. Katalisti iliyomo ina platinamu, paladiamu na rodiamu, kuna wanunuzi wanaozungukia gereji kuitafuta, na ile ya kwako ina tabia ya "kutupwa" ukiwa umekwenda kununua maji. Itoe gereji siku hiyohiyo, pamoja na bati la kinga na bolti zake. Mnunuzi wa kesho wa gari hilo huenda akalitaka likiwa kama lilivyotoka kiwandani.