Sabuni ya uso kwa ngozi nyeti: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Sabuni ya uso hukaa usoni chini ya dakika moja, kisha inakwenda na maji. Kwa hiyo mwenye ngozi nyeti akiwa dukani asihangaike sana na kilichomo ndani ya chupa cha kumfaa. Aangalie kwanza kama kuna cha kumuumiza. Kolajeni, vitamini na dondoo za maua zinazoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa hazipati muda wa kufanya kazi ya maana. Nimezipanga sabuni hizi kwa kigezo kimoja tu: ipi inatoa uchafu bila kuing'oa kinga ya ngozi yenyewe.

Kinga hiyo iko juu kabisa. Ni tabaka jembamba la seli zilizokufa, na katikati yake kuna mafuta ya asili: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hayo ndiyo yanayozuia maji yasitoke mwilini na vitu vya nje visipenye. Uso wa ngozi pia una uasidi kidogo, pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi (pH ni kipimo cha uasidi; namba ikipanda, uasidi hupungua). Sabuni ya kawaida ya mche ina pH ya 9 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Huchukua uchafu pamoja na sehemu ya mafuta hayo, na ngozi inabaki imekaza. Mwenye ngozi ngumu hajali, kwa sababu ngozi yake hujirudi ndani ya saa chache. Ngozi nyeti huoshwa tena kabla haijajirudi.

Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu, kwa sababu mara nyingi hauonekani. Sikiliza hisia: kuchonyota unapopaka mafuta, kukaza kuzunguka mdomo, kupauka pembeni mwa pua, muwasho unaokuja jioni. Usilipuuze hilo. Ngozi inayokerwa kila siku huacha madoa meusi yanayochukua miezi kufifia, na wengi huanza kuyatibu madoa huku sabuni iliyoyaleta ikiwa bado bafuni.

1. Losheni ya kuoshea uso, isiyo na manukato

Hii ndiyo ya kwanza, na sioni inayoikaribia. Ni nzito kama maziwa ya mgando, haitoi povu au hutoa kidogo sana. Wengi huikataa siku ya kwanza kwa kuona kama hawajanawa. Povu ni hewa iliyonaswa kwenye maji ya sabuni. Wingi wake hausemi lolote kuhusu usafi. Ipe wiki mbili. Dalili nzuri ni kwamba dakika kumi baada ya kunawa, kabla hujapaka chochote, uso haukuvuti.

Kwenye orodha ya viambato, tafuta gliserini karibu na mwanzo. Seramidi zikiwemo ni vizuri, ila usiongeze fedha nyingi kwa ajili yake. Zitakufaa zaidi kwenye krimu inayobaki usoni. Zinazopatikana katika nchi nyingi ni Cetaphil Gentle Skin Cleanser, CeraVe Hydrating Facial Cleanser na La Roche-Posay Toleriane Hydrating Gentle Cleanser. Soma chupa uliyoishika mkononi, maana fomula hubadilishwa, na jina moja linaweza kuwa na viambato tofauti nchi na nchi.

Cetaphil ina funzo lake hapa. Ilianzia Texas mwaka 1947, na kwa miaka mingi ilikuwa na Sodium Lauryl Sulfate, kiambato ambacho watafiti hukipaka makusudi wanapotaka kuikera ngozi kwa majaribio. Hata hivyo madaktari wa ngozi waliipendekeza, kwa sababu kiasi kilikuwa kidogo ndani ya mchanganyiko mpole. Baadaye fomula ilibadilishwa na kiambato hicho kikatolewa. Kwa hiyo usiitupe chupa kwa jina moja tu ulilolisikia vibaya. Angalia jina hilo liko wapi kwenye orodha. Likiwa la pili baada ya maji, hapo rudisha chupa kwenye rafu.

Udhaifu wa losheni ni mmoja: haiondoi vizuri vipodozi vizito wala losheni ya jua isiyotoka kwa maji.

2. Jeli yenye povu dogo

Kama ngozi yako ni nyeti na bado inang'aa mafuta ifikapo mchana, au ina chunusi, anza na hii badala ya losheni. Vanicream Gentle Facial Cleanser ni mfano mzuri: haina manukato wala rangi. Jeli za namna hii mara nyingi hutumia visafishi vinavyotokana na sukari, kama Decyl Glucoside, au Cocamidopropyl Betaine inayotokana na mafuta ya nazi.

Lakini upole ni jambo moja na mzio ni jingine. Cocamidopropyl Betaine ni mpole kwa watu wengi, na bado jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa mzio wa ngozi ilikitaja kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2004. Mwaka 2017 ikawa zamu ya glukosaidi, yaani vile visafishi vya sukari kama Decyl Glucoside. Ukishatumia jeli kadhaa zinazosifiwa kwa upole na zote zikakuwasha, linganisha orodha zake. Huenda zinafanana kwa kiambato kimoja, na daktari anaweza kukipima.

3. Kipande kisicho sabuni

Kwa umbo ni mche, lakini hakikutengenezwa kwa mafuta na magadi. Kiambato cha kutafuta ni Sodium Cocoyl Isethionate. Dove, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1957, ndiyo maarufu kuliko zote za aina hii. Ile ya kawaida ina manukato. Chukua isiyo na manukato. Kwa mwenye bajeti ndogo hiki ndicho ningemshauri bila kusita, kwa sababu kinadumu na hakimwagiki. Kiweke mahali kinapokauka, na kila mtu nyumbani awe na chake.

4. Mafuta ya kusafishia uso

Ni kwa anayejipodoa au anayepaka losheni ya jua kila siku. Hupakwa kwenye uso mkavu, husuguliwa taratibu, kisha hugeuka maziwa yakikutana na maji. Hakikisha kweli yanageuka; mafuta matupu ya kupikia au ya nazi hayasuuziki hivyo na hubaki usoni. Epuka yenye harufu ya mchaichai, lavenda au machungwa, hata kama chupa inajisifu kwamba ni ya asili. Mafuta ya kunukia ya mimea ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio mara nyingi.

5. Maji ya misela

Ni maji yenye kisafishi kidogo (micellar water), ya kupangusia uso kwa pamba. Yanafaa safarini au mgonjwa akiwa kitandani. Chupa nyingi huandikwa kwamba hayahitaji kusuuzwa, lakini kwa ngozi nyeti suuza, kwa sababu kinachobaki usoni ni kisafishi. Kusugua kwa pamba nako kunakera.

Za kuacha

Skrabu zenye chembechembe, brashi za umeme, sabuni za kuua vijidudu na zenye menthol. Ubaridi ule wa menthol unawadanganya wengi wakidhani ngozi inapona.

Sabuni za kung'arisha nazilaani waziwazi. Baadhi zimekutwa na zebaki, sumu inayopenya kwenye ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na bado vinauzwa. Bidhaa isiyo na orodha ya viambato, au yenye onyo la kutoigusisha dhahabu na fedha, usiifungue kabisa.

Maneno ya kwenye lebo

Neno "hypoallergenic" halikulindi. Marekani ilijaribu kuliwekea masharti mwaka 1975, na mahakama ikayafuta mwaka 1977. Tangu hapo kila kampuni hulitumia inavyotaka. "Unscented" pia si sawa na "fragrance-free". La kwanza linaweza kumaanisha kwamba manukato mengine yametiwa ili kufunika harufu. Geuza chupa, utafute "Parfum" au "Fragrance", pamoja na Limonene na Linalool. Kihifadhi Methylisothiazolinone nacho kiepuke. Kimewasumbua watu wengi sana.

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, ila vilivyo chini ya asilimia moja vinaweza kupangwa vyovyote. Ndiyo maana ua zuri la mmea lililochorwa mbele ya chupa huwa mwishoni mwa orodha. Mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye 12M unasema utumie ndani ya miezi kumi na miwili tangu ulipofungua.

Namna ya kuitumia

Jaribu kwanza sehemu ndogo, kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba hadi kumi. Acha kwa muda ule ule utakaoiacha usoni, kisha suuza. Subira hii ni bora kuliko kujua siku ya harusi.

Nawa mikono kabla ya uso. Maji yawe vuguvugu. Ya moto huyeyusha mafuta yale yale unayojaribu kuyatunza. Tumia ncha za vidole, si kitambaa wala dodoki, kwa nusu dakika hivi, kisha suuza hadi kwenye mstari wa nywele na chini ya taya, ambako sabuni husahaulika. Gusisha taulo safi bila kusugua, halafu paka krimu ngozi ikiwa bado na unyevu. Usiku na baada ya jasho jingi panatosha. Asubuhi, kama ngozi ni kavu, maji matupu yanatosha.

Usibadilishe sabuni na krimu kwa pamoja katika wiki ile ile, hutajua kilichokuudhi ni kipi. Kama hata maji matupu yanachonyota, au vipele na magamba hayaishi kwa wiki kadhaa, tatizo limevuka uwezo wa sabuni: huenda ni pumu ya ngozi au rosasia (ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu na vipele usoni), na linataka daktari wa ngozi. Macho au midomo ikivimba, suuza mara moja na uende hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na chupa mkononi. Pumzi ikibana, ni dharura. Usisubiri hata kidogo.