Mwezi mmoja na albamu ya kwanza ya bendi isiyo na lebo: muziki safi, santuri imebanwa

Nimeisikiliza albamu hii karibu kila siku kwa mwezi mzima na bado sijaichoka. Ni kazi ya kwanza ya bendi ya roki ya watu wanne: magitaa mawili, besi na ngoma, na mmoja wa wapiga gitaa ndiye anayeimba. Hawana lebo, yaani kampuni ya kuwatolea muziki. Studio walilipia wenyewe, jalada walichora wenyewe, na albamu wanaiuza kupitia Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huwauzia wasikilizaji kazi zao. Jina lao sitalitaja, kwa sababu nina lalamiko kubwa kuhusu santuri yao na sitaki liwe jambo la kwanza analokutana nalo mtu anayewatafuta.

Niliagiza santuri ya inchi 12. Mara tu baada ya kulipa nikapewa ruhusa ya kupakua nyimbo zote tisa, na mwenyewe nikachagua aina ya faili. Nilichukua FLAC, ambayo hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote cha sauti. MP3 hutupa. Mwenye kusikiliza roki atagundua tofauti kwenye matoazi kwanza: MP3 iliyobanwa sana huyafanya yasikike kama maji yanayochuruzika, lakini hapa ni shaba inayogongwa kwa fimbo.

Sasa muziki wenyewe. Hawa watu walirekodi wakiwa pamoja katika chumba kimoja, wakipiga kwa wakati mmoja, na hilo ndilo lililonifanya niipende albamu kuliko kitu kingine chochote. Bendi nyingi hurekodi kila ala kivyake, mpiga ngoma akifuata mlio wa mashine masikioni, kisha makosa yanasawazishwa kwenye kompyuta mpaka kila pigo likae mahali pake. Hapa hakuna mashine. Kwenye wimbo wa tatu fimbo zinagongana mara nne kuhesabu mwanzo, na ukiwa na visikizi vizuri unasikia gitaa likiwa limevuja ndani ya maikrofoni za ngoma, kwa mbali, kama mtu anayepiga chumba cha pili na mlango uko wazi. Kiitikio kinapokaribia mwendo unaongezeka kidogo. Ubeti ukirudi, unatulia. Hakuna aliyewaambia waongeze. Walikuwa wanatazamana.

Mpiga besi ndiye ninayemsikiliza zaidi siku hizi. Katika wimbo wa tano, unaofunga upande wa kwanza, magitaa yote mawili yananyamaza kwa muda mrefu, anabaki yeye na ngoma. Hapigi noti nyingi. Anarudia noti tatu zile zile, kila mara akichelewa kidogo zaidi ya ulivyotarajia, hadi mwili wako unaanza kumsubiri. Magitaa yanaporudi hayarudi kwa kelele. Yanaingia chini yake na kumbeba. Nimeucheza wimbo huo mara nyingi usiku, taa zimezimwa, na kila mara namshukuru aliyeamua kuuacha mrefu vile.

Sauti ya mwimbaji imewekwa chini mno. Najua wapo wanaopenda hivyo, sauti ya mtu ikiwa ala kama ala nyingine, na kwenye nyimbo za fujo sina tatizo. Lakini wimbo wa pili na wa sita ni hadithi zinazotaka kueleweka, na bila karatasi ya mashairi iliyokuja ndani ya jalada nisingepata hata nusu ya maneno. Nilipoyasoma niliumia: mashairi ni mazuri. Yalistahili kusikika.

Santuri ilichelewa kwa majuma kadhaa kupita tarehe waliyoahidi, ila walikuwa wakitoa taarifa, kwa hiyo sikukasirika. Ilifika bila mkwaruzo, imewekwa ndani ya mfuko mzuri usiovuta vumbi. Upande wa kwanza, dakika 19, unalia vizuri ajabu. Besi ni nene, ngoma zina nafasi. Kuna dakika ambazo naupendelea kuliko faili.

Upande wa pili ndio wenye tatizo. Una dakika 26. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika hupendeza ikiwa na takriban dakika 20 kila upande. Ukizidisha, lazima mifuo, ile mistari inayofuatwa na sindano, isogezwe karibu karibu na sauti ipunguzwe ili itoshe. Nilipogeuza santuri ilinibidi niongeze sauti ya amplifaya, na mchakacho wa sindano ukaongezeka nayo. Hilo ningelivumilia. Kibaya zaidi ni mpangilio. Santuri huzunguka kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho, lakini duara la karibu na kitovu ni dogo, hivyo sindano ikifika huko husafiri urefu usiofika nusu ya ule wa ukingoni kwa kila mzunguko. Sauti ile ile inalazimika kuandikwa katika nafasi finyu, na sauti kali ndizo zinazoharibika kwanza: matoazi, na kila herufi s ya mwimbaji. Ndiyo maana wazoefu hupeleka wimbo mpole mwishoni mwa upande. Wao wameweka huko wimbo wao wenye kelele kuliko zote, dakika saba, na umalizio wake wote ni matoazi. Kwenye faili umalizio huo unanisimamisha nywele. Kwenye santuri ni mkwaruzo.

Niliwaandikia. Walinijibu siku ya pili, wakakiri kwamba sampuli ya majaribio kutoka kiwandani waliisikiliza haraka kwa sababu walikuwa wamechelewa, na kwamba wakichapisha tena wataigawa albamu kwenye santuri mbili. Jibu la uwazi namna hiyo kutoka kwa watu wanaofanya kila kitu wenyewe nililiheshimu sana.

Kuhusu mahali pa kuipata: imo pia kwenye huduma za kutiririsha, na unaweza kuionja huko. Ila kama umeipenda, inunue. Tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi mirabaha wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12, na bendi changa huwa na nyimbo kama hizo. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa kama santuri na fulana, ukiacha ada ya malipo. Kinachobaki ni cha bendi.

Kwa hiyo nunua faili kwanza. Santuri ya chapa hii ya kwanza ichukue kwa ajili ya upande wa kwanza na ile karatasi ya mashairi. Wimbo wa nane ukiisha, inua sindano, halafu wimbo wa tisa uusikilize kwenye faili, kwa sauti ya juu.