Burnt Offerings (1976): yule dereva anayecheka

Filamu hii nimeitazama mara 2 mwezi huu, nyumbani kwa bibi yangu Mkomani, hapa Lamu. Mara zote mbili aliyenikosesha usingizi ni mtu mmoja asiyetamka hata neno. Nitaeleza mambo ya mwisho wa hadithi, kwa hiyo ambaye hajaitazama na asiendelee.

Kisa chenyewe: Ben na mkewe Marian, mtoto wao na shangazi yake Ben, anayeigizwa na Bette Davis, wanakodi jumba la kale la kifahari kwa msimu mmoja wa kiangazi, dola 900 tu. Sharti ni kumpelekea chakula mama mzee anayekaa juu ghorofani. Kila mtu anapoumia, nyumba inapata afya. Maua yaliyokauka yanachanua, vigae vibovu vinajipukutisha na vipya vinatokea. Dan Curtis, mwongozaji, hana haraka, na nusu ya kwanza inachosha kidogo.

Sasa huyo dereva. Kaigiza Anthony James: mrefu, mwembamba, sare nyeusi, miwani nyeusi, na meno nje. Ben alimwona utotoni, siku ya mazishi ya mama yake, akiendesha gari la msiba. Kwanza anamjia usingizini. Halafu anamwona mchana kweupe, gari jeusi likija hadi nyumbani. Shangazi anapokuwa taabani kitandani, dereva anapanda ngazi na jeneza, mlango unafunguka kwa kishindo, na jeneza linasukumwa kuelekea kitandani. Hapo nilisimamisha filamu nikawasha taa.

Bibi alikuwa kando yangu, mimi nikimfasiria. Tangu ujana wake amewaosha wanawake wengi wa mtaa huu waliofariki. Mauti hayamtishi, nyumba yetu ni ya mawe, ya kale, na chumba cha ndani kabisa ndicho walichooshewa wazazi wake. Lakini dereva alimkera mno. Akaniuliza, "Mbona yuwacheka na maiti i garini?"

Swali lile ndilo lililonifungua macho. Wengi watasema dereva ni Mauti yenyewe, basi. Mimi naona ni zaidi. Huku kwetu magari hayapiti vichochoroni; maiti hubebwa mabegani, watu wakipokezana, na hata asiyemjua marehemu huingia chini ya jeneza hatua chache. Anayekubeba leo ni jirani, na kesho utambeba wewe. Mwosha huoshwa. Dereva wa Ben hayumo katika mzunguko huo. Hana jina, halii, hakumjua mama yule. Ni mtu wa kuajiriwa aliyekuja kuchukua mzigo, na anatabasamu kama mtu ambaye siku yake yeye haitafika. Mtoto aliyefiwa na mama akainua macho akutane na uso ule, atapona lini?

Ndiyo maana nasema dereva hakuzaliwa na ile nyumba. Ben ndiye aliyekuja naye, rohoni, tangu utotoni. Nyumba ilimkuta humo ikamtumia. Ushahidi wangu ni pale Ben anapojaribu kutoroka na mwanawe. Mti unaziba njia, Marian anashika usukani kuwarudisha, na ghafla Ben anamwona mkewe ni dereva yule yule. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote, kupita hata jeneza. Mke wake mwenyewe amekwisha kuwa mtumishi wa nyumba, na kazi yake sasa ni kuwapeleka watu wake mautini kwa mkono mtulivu. Na mwishoni Ben anatupwa kutoka dirisha la juu, anaangukia kioo cha mbele cha gari lao wenyewe. Gari tena.

Kasoro ninayoiona ni kwamba shangazi alistahili muda zaidi. Anadhoofika haraka mno, na Bette Davis ana uwezo wa kubeba mengi kuliko aliyopewa.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Watoto wasiwepo, hasa sehemu ya jeneza. Aliyefiwa karibuni pia na asubiri kwanza. Mara ya pili bibi mwenyewe ndiye aliyeomba tuitazame, na kila dereva alipotokea alikuwa akimsomea Fatiha mama yake Ben.