Fundi wa propela wa Gerezani: tathmini ya huduma baada ya kuishusha pikapu yangu

Kwa miezi mitatu pikapu yangu ilivuma kama kinu cha kusaga nafaka kinachosikika kutoka mtaa wa pili, na kila fundi aliyeisikiliza alikuwa na kipuri cha kubadilisha. Aliyeiponya ni fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye karakana yake haina kibao. Ukifika mtaani ukaulizia fundi wa propela, ule mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi nyuma, utaonyeshwa. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenye pikapu wanaofikiria kuzishusha, yaani kupunguza kimo cha bodi, na kwa waliokwisha kuzishusha na sasa wanasikia mvumo wasiojua unatoka wapi.

Gari lenyewe ni Hilux ya kabini moja inayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma pekee, nami huitumia kusambazia friji na mashine za kufulia. Friji husafirishwa ikiwa wima ili mafuta ya kompresa yasihame mahali pake, kwa hiyo bodi ya juu ni adha kwa vijana wanaopakia na ni hatari kwenye kona. Nikaamua kuishusha inchi 3. Karakana iliyofanya kazi hiyo iliweka bloku, vipande vya kuongeza nafasi, kati ya ekseli na springi za nyuma, ikakaza yu-bolti zinazovibana pamoja, ikanikabidhi funguo siku hiyohiyo. Kwa macho, gari lilipendeza.

Matatizo yalijitokeza ndani ya wiki moja, nayo yalikuwa matatu. Nikiondoka na mzigo, gari lilitikisika kati ya kilomita 10 na 30 kwa saa, kana kwamba klachi inakwaruza. Likifika 70, mvumo mzito ulipanda kupitia sakafu, ukazidi nilipokanyaga mafuta na kupungua nilipoachia. Kisha kulikuwa na kishindo cha chuma nyuma kila nilipopita kwenye tuta. Nilirudi kulekule nilikoishushia; wakabalansi tairi mara mbili, wakafunga krosi mpya (kiungo kinachoiruhusu propela kupinda), na mara ya tatu wakasema difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, imekwisha, ninunue nyingine. Katika safari zote hizo hakuna aliyelala chini ya gari na kipimo chochote mkononi.

Huyu wa Gerezani alianza kwa kuuliza maswali. Alitaka kujua mvumo unaanza kwenye kasi gani, kama hubadilika nikibadilisha gia, na ninabeba nini kila siku. Kisha akaniambia, "Kaka, twende barabarani kwanza, gari litasema lenyewe." Tulitoka hadi Barabara ya Morogoro, nikafika kilomita 80, akaniamuru nitoe gia niliache gari liserereke. Mvumo ulipungua lakini ukabaki, na ulishuka pamoja na kasi ya gari ingawa injini ilikuwa tayari kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta. Kwa jaribio hilo moja aliiondoa injini na klachi kwenye orodha ya washukiwa. Tairi nazo aliziondoa kwa sikio. Tairi ya kawaida ya pikapu, yenye mzingo wa karibu mita 2.1, huzunguka kama mara 10 na nusu kwa sekunde kwenye kasi hiyo, na ikiwa na kasoro utaisikia kama mtikisiko wa usukani au kiti. Propela, kwa difu yenye uwiano wa 4.1 kwa 1, huzunguka mara 43 kwa sekunde, na krosi iliyopinda vibaya husukuma mara mbili kwa kila mzunguko, yaani karibu mara 87. Kitu cha namna hiyo hakitikisi, kinavuma. Nilikuwa nimekwisha kulipia balansi ya tairi mara mbili bila mtu yeyote kunieleza tofauti hii.

Tuliporudi aliliingiza gari juu ya shimo, likasimama kwa magurudumu yake yote manne. Jambo hili ni la msingi, kwa sababu gari lililoinuliwa kwa jeki chini ya chesisi huiacha ekseli ikining'inia, na pembe zote utakazosoma hapo ni za uongo. Alisugua sehemu nne kwa kitambaa chenye dizeli hadi chuma kikang'aa, akabandika kipima mteremko chenye sumaku nyuma ya giaboksi, kwenye propela ya mbele, kwenye propela ya nyuma (propela hii ina vipande viwili) na kwenye uso wa pinioni, gia ya difu inayopokea propela, na kila namba akaiandika kwa chaki kwenye ukuta wa shimo. Giaboksi ilielekea chini kwa nyuma digrii 3, propela ya mbele 3.5, propela ya nyuma 1 tu, na pinioni 6.5.

Ukitoa namba ya kipande kimoja kwenye ya kipande kinachokutana nacho unapata pembe za krosi zenyewe. Krosi ya katikati, iliyo baada ya senta beringi inayoshikilia propela katikati, ilikuwa na digrii 2.5, na ile ya difu 5.5. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Krosi inayofanya kazi ikiwa imepinda haizungushi upande wa pili kwa mwendo ulio sawa. Huuharakisha na kuuchelewesha mara mbili katika kila mzunguko, na kadiri inavyopinda ndivyo tofauti inavyokua. Krosi ya pili huwekwa ili ifute kasoro ya ile ya kwanza, lakini haiwezi kuifuta isipokuwa pembe zao ziwe karibu sawa na uma zao, yaani vishikio vya krosi, zikae kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo giaboksi na pinioni zinatakiwa ziende sambamba. Bloku nilizowekewa zilikatwa upogo, zikaiinua pua ya pinioni, na hakuna krosi mpya ambayo ingeweza kurekebisha hilo.

Lililonifanya nimwamini ni hatua iliyofuata. Karakana nyingi zingepima gari likiwa tupu na kuishia hapo, lakini yeye aliazima mifuko 12 ya saruji ya kilo 50 kutoka duka la vifaa vya ujenzi la jirani, akaipanga kwenye bodi, akashuka tena shimoni. Kwa uzito huo wa kilo 600 springi zililala, ekseli ikapanda, na propela ya nyuma ikabadilisha uelekeo kabisa, sasa ikiinuka kuelekea difu kwa digrii 1.9. Krosi ya katikati ikasoma 5.4 na ya difu 8.4. Kwenye digrii 8.4 kasi ya upande wa pili wa krosi hupanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia 1, na jambo hilo hutokea makumi ya mara kwa sekunde. Mpira wa senta beringi ulikuwa umechanika nusu mzingo kwa kusukumwasukumwa, na huo ndio uliosababisha mtikisiko wa kuondokea. Alinionyesha pia vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vya krosi niliyofungiwa wiki chache tu zilizopita: grisi imekwisha, sindano za ndani zinasagana. Kishindo cha kwenye matuta kilipata jibu hapohapo, kwani pakiwa na mzigo nafasi kati ya ekseli na raba ya kugongea ilitosha kidole kimoja tu.

Akaniambia wazi kwamba inchi 3 na mzigo wa kilo 600 haviendi pamoja kwenye gari hili, na kwamba angenirudishia inchi 1. Sikufurahi, lakini nilikubali. Alichongesha bloku mpya za chuma za inchi 2 zenye mteremko sahihi, akakataa kutumia kabari za aluminiamu kwa sababu hupondeka chini ya mzigo, akafunga senta beringi mpya, krosi mpya ya difu na yu-bolti mpya. Kabla ya kuifungua propela alichora mstari wa rangi nyeupe ukivuka splaini, yaani meno yanayounganisha vipande vya propela, ili irudi katika jino lilelile na uma zibaki kwenye mstari wake. Vipimo vya mwisho bila mzigo vilikuwa digrii 1.1 katikati na 0.6 kwenye difu, na chini ya ile saruji 4.0 na 3.5. Mimi ningependa za mzigo zibaki chini ya 3, naye alikiri hivyo. Ili kufika huko ingebidi kuhamisha kiegemeo cha senta beringi, kazi ya kukata na kuchomelea ambayo sikuwa tayari kuilipia.

Kazi ilichukua siku mbili, na nililipa shilingi 260,000 za ufundi na bloku, mbali na vipuri nilivyonunua mwenyewe. Hiyo ni pungufu ya nilichotumia kwa kubahatisha, hata bila kuhesabu ile difu niliyoambiwa ninunue.

Huduma hii ina dosari, na moja ni kubwa. Hilux hii ina vali inayopunguza au kuongeza nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo, nayo husoma mzigo kwa kipande cha chuma kilichounganishwa na ekseli. Ukiishusha gari, ekseli husogelea chesisi na vali hudhani umepakia, kwa hiyo hupeleka nguvu nyingi nyuma hata bodi ikiwa tupu. Fundi hakuligusa wala kulitaja jambo hili. Niligundua mvua ya kwanza iliponyesha, magurudumu ya nyuma yalipofunga na mkia ukateleza, nikalazimika kwenda kwa fundi breki akarekebishe. Mtu anayepima mpaka nusu digrii alipaswa kunionya. Vilevile hatoi risiti wala maandishi. Vipimo vyangu ninavyo kwa sababu nilipiga picha ukuta wake wa chaki, nawe usiondoke bila kufanya hivyo. Uende asubuhi, kwani shimo ni moja.

Aliniagiza nirudi baada ya kilomita 500 akaze tena yu-bolti, na nilipokwenda nati mbili zilikubali robo mzunguko. Hakunitoza chochote. Sasa ni mwezi wa nne, gari hufika kilomita 90 likiwa na friji sita nyuma na redio inasikika kwa sauti ya chini. Juzi nilipotia grisi nilichungulia splaini, na ule mstari mweupe bado umenyooka.