TAHADHARI: "taa ya wati 1000" ya kuoteshea kunde ndani, nimepigwa

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu anauza taa za zambarau za kuoteshea mboga ndani. Mimi keshanipiga pauni 85.

Tangazo lilisema wati 1000, "kunde zinazaa hata Desemba". Hapa Leeds mchana wa Desemba haufiki masaa 8, tena mawingu matupu, nikaingia mzimamzima. Nikapanda ndoo nne. Wiki ya tatu miche mirefu, myembamba kama uzi, imelala. Ndipo nikachomeka taa kwenye kile kimita cha kupimia umeme: wati 94! Kumuuliza, eti 1000 ni "sawa na balbu za zamani". Na akikutajia lumeni usibabaike, hizo zinapima mwanga kwa jicho la mtu. Muulize maikromoli ngapi kwa mita ya mraba kwa sekunde, yaani kipimo cha mwanga unaotumiwa na mmea, taa ikiwa juu kiasi gani. Akianza kuzunguka, achana naye.

Kikaratasi chake nacho kinasema washa masaa 18 kwa siku. Kunde nyingi za kwetu zinasubiri usiku mrefu ndipo zitoe maua, kwa hiyo ukimfuata utakula majani tu. Matamu, sikatai, ila si ya pauni 85. Nikashusha hadi masaa 11, nikasogeza ndoo dirishani. Juzi ndiyo nimeona vitumba vya kwanza.

Lililonitisha ni plagi. Igeuzeni muitazame: ya hapa lazima iwe na fyuzi, na pini mbili ndogo zimevikwa plastiki nusu. Yake haina fyuzi, pini chuma tupu mpaka shina. Waya ulikuwa unapata moto, umening'inia juu ya ndoo zenye maji.

Pesa alitaka nitume kwa PayPal kama "ndugu na rafiki", eti tukwepe makato. Ukituma hivyo, ulinzi wa mnunuzi wa PayPal haukuhusu. Nikamkumbusha kuwa sheria ya haki za mlaji ya Uingereza ya 2015 inanipa siku 30 kurudisha bidhaa mbovu. Akajibu niitume China kwa nauli yangu, kisha kanifungia namba.

Wiki hii karudi na namba mpya, picha ile ile: ndoo ya kunde imesheheni maganda, taa inawaka zambarau, na nyuma yake dirisha limejaa jua.